Hotirodi ya Ford 1932 katika kipimo cha 1:32: sura yake na tabia yake konani

Kigari hiki kinastahili kununuliwa kwa ajili ya mkao wake, na ni mkao huohuo unaokifanya kiwe kigumu kuendesha kuliko vigari vingi vya mfereji vya ukubwa wake. Naitoa hukumu hiyo mapema ili anayetafuta kigari cha kuvunja rekodi za muda ajue kwamba hiki si chake, na anayependa gari lenye tabia yake mwenyewe aendelee kusoma, kwa kuwa yapo mengi ya kupendeza na yapo machache ya kurekebisha kabla kigari hakijaonyesha uwezo wake wote.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe, vigari vya mfereji ni vigari vidogo vya umeme vinavyokimbia juu ya barabara ya vipande vya plastiki, ambapo kila njia ina mfereji mwembamba katikati na reli mbili za chuma kandokando ya mfereji huo. Chini ya pua ya kigari kuna ulimi wa plastiki unaoingia mferejini, na pembeni mwa ulimi zimebanwa brashi mbili za nyuzi za shaba zinazogusa reli, kupokea umeme na kuupeleka kwenye mota. Mchezaji hushika kidhibiti mkononi: akibana, kigari hukimbia, akiachia, hupunguza mwendo. Usukani haupo. Kinachoamua kama kigari kitabaki njiani au kitachomoka ni mwendo kilioingia nao konani, jinsi uzito wake ulivyokaa, na hali ya matairi ya nyuma. Mchezo huu umeenea tangu Mwingereza Fred Francis alipoanza kuuza seti za chapa ya Scalextric mwaka 1957, na hotirodi, yaani magari ya zamani yaliyovuliwa visivyohitajika ili yakimbie zaidi, hazikuchelewa kuingia humo, kwani katika miaka ya 1960 kampuni ya Aurora ya New York ilikuwa ikiuza hotirodi ndogo sana, za wazi na za paa, kwa ajili ya barabara zake za mezani.

Kigari ninachokizungumzia kimetoka katika karakana ndogo inayomimina bodi za rezini, aina ya plastiki inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikawa ngumu, kwa mafungu machache na kuzifunga juu ya chasisi ya plastiki, yenye mota ndogo iliyolazwa kwa urefu katikati ya gari. Kinaiga Ford ya 1932 isiyo na paa, gari ambalo wapenzi wa hotirodi nchini Marekani wamelizoea kwa jina la Deuce. Huwezi kuihukumu sura ya kigari cha namna hii bila kujua gari lenyewe lilitengenezwaje, kwa hiyo naomba subira kidogo.

Machi 1932 kampuni ya Ford ilitoa injini ya silinda nane, yenye ujazo wa karibu lita 3.6 na nguvu za farasi 65, ndani ya gari la bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu. Miaka ilipopita magari hayo yalishuka bei zaidi, na vijana wa kusini mwa California wakayanunua yakiwa yamechakaa, wakayavua kila kisichohitajika, kisha wakayapeleka kwenye maziwa yaliyokauka ya jangwani, kama Muroc na El Mirage, kupima nani anakimbia zaidi. Chama cha kuratibu mashindano hayo, Southern California Timing Association, kilianzishwa mwaka 1937. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia shughuli ilishamiri zaidi: jarida la Hot Rod lilitoka kwa mara ya kwanza Januari 1948, na mwaka 1949 ikafanyika wiki ya kwanza ya mbio kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah. Jambo la kukumbuka ni kwamba sura ya hotirodi ilizaliwa na kazi. Madigadi yaliondolewa ili kupunguza uzito na upepo. Kioo cha mbele kilikatwa kwa sababu hiyohiyo. Pua ilishushwa kwa ekseli iliyopindwa na matairi madogo, na nyuma yakafungwa matairi makubwa ili kila mzunguko wa injini ulipeleke gari mbali zaidi. Anayetengeneza kigari cha hotirodi bila kuelewa sababu hizo hutoa mdoli wenye rangi ya miale ya moto na kusahau gari.

Karakana hii imeelewa. Ukikiweka kigari mezani na kukitazama kwa ubavu, mstari wa chini wa bodi unashuka polepole kutoka tairi la nyuma kwenda la mbele bila kuvunjika popote, na ukingo wa juu wa mlango unashuka nao sambamba, hivyo gari lote linaonekana kuinama kuelekea mbele hata likiwa limesimama. Huo ndio mkao ninaouzungumzia. Watengenezaji wengi huukosa kwa sababu huongeza tairi kubwa nyuma na kuiacha pua ilipo, na matokeo yake gari linakuwa kama limebebwa mkia. Hapa ekseli ya mbele imepindwa kweli kweli, ikiwa wazi mbele ya macho, na grili ya 1932, ambayo ndiyo alama ya gari hili kwa wote wanaolijua, imesimama juu yake kwa wima unaotakiwa. Umbali kati ya ekseli mbili za Ford halisi ni kama milimita 2,692, ambazo kwa kipimo cha 1:32 ni milimita 84 na kidogo. Nilikipima kigari kwa rula nikaona kimefuata.

Injini ndiyo sehemu niliyoitazama kwa muda mrefu kuliko zote, kwa kuwa boneti haina kuta za pembeni na kila kitu kiko wazi. Hapo ndipo nilipoamini kwamba aliyechonga bodi ya kwanza anaijua kazi yake. Injini ya zamani ya Ford ya silinda nane ina silinda nne kila upande, lakini matundu yake ya moshi ni matatu tu kila upande, kwa kuwa silinda mbili za katikati hutumia tundu moja. Kigari hiki kina mabomba matatu kila upande. Nimeona vigari vya bei kubwa vyenye mabomba manne juu ya injini inayodaiwa kuwa ni hiyo ya Ford, na mtu anayezijua injini hizo hawezi kuacha kuliona kosa hilo akishaliona. Juu ya injini zimepangwa kabureta tatu kwa mstari, kila moja ikiwa na kikombe chake cha hewa kilichopakwa rangi ya fedha, na kandokando ya kichwa cha injini vimechongwa vichwa vya bolti vidogo ambavyo utavihesabu ukiwa na lenzi. Ukikigeuza kigari, nyuma ya ekseli kunaonekana kifuniko cha difu ya kubadilisha gia kwa haraka, ile iliyofanywa maarufu na Ted Halibrand, Mmarekani mtengenezaji wa vipuri vya magari ya mbio, ambayo ilimwezesha dereva kubadilisha uwiano wa gia kwa kufungua kifuniko hicho na kubadilisha gia mbili tu. Kwenye kigari hakifanyi kazi yoyote. Kimewekwa kwa sababu kwenye gari la mbio la kweli kingekuwapo.

Rangi ni nyeusi tupu, na mstari mmoja mwembamba wa rangi ya krimu kutoka kwenye grili hadi mkiani. Napendelea uamuzi huo kuliko miale ya moto, ingawa mstari wenyewe ni mnene kidogo kuliko mkono wa mchoraji stadi ungeuchora. Kasoro nyingine zipo pia. Fremu ya kioo cha mbele ni nene mno, jambo linalotokana na rezini, ambayo ikichongwa nyembamba sana huvunjika. Karibu na taa ya nyuma ya kushoto kulikuwa na kijitundu cha hewa kilichobaki wakati wa kumimina, na rangi imekizunguka badala ya kukifunika. Dereva naye amekatwa kifuani. Hilo ni tatizo la kila kigari cha wazi chenye mota katikati, kwa sababu mota imekaa pale ambapo miguu ya dereva ingekuwa, na sakafu lazima ipande hadi karibu na ukingo wa mlango. Hapa wamelificha kwa kumpa dereva koti lenye mabega mapana na kuusogeza usukani karibu naye, na ukitazama ukiwa umesimama upande wa barabara huoni pengo. Ukitazama kutoka juu unaliona.

Sasa niingie kwenye mwendo. Kigari kikitoka kwenye boksi lake hakiko tayari, na asiyejua hilo atakihukumu vibaya. Matairi ya nyuma hayakuwa duara kamili, kwa hiyo kwenye sehemu zilizonyooka kigari kilitetemeka na kutoa mlio wa kugongagonga ambao mtu angeweza kudhani ni wa gia. Gia zenyewe zilikuwa sawa. Niliyasaga matairi kwa njia ya kawaida: karatasi ya msasa laini ilibandikwa juu ya barabara, kigari kikashikwa magurudumu ya nyuma yakiwa yanaugusa msasa kidogo tu, na mota ikaendeshwa kwa umeme mdogo mpaka uso wote wa tairi ukawa na rangi moja ya kijivu kisichong'aa. Baada ya hapo mlio ulikwisha na kigari kikawa kingine kabisa. Brashi nazo zilihitaji kuchanuliwa ncha na kulazwa ziguse reli kwa usawa, kwani zilikuwa zimekaza kiasi cha kuinua pua na kuutoa ulimi mferejini nusu ya kina chake.

Hata baada ya matengenezo hayo, kigari kina tabia mbili ambazo haziwezi kuondolewa, kwa sababu zinatokana na umbo lenyewe la hotirodi. Ya kwanza ni mahali ulimi ulipo. Kwenye kigari cha mbio za kisasa, bodi inapita mbele ya ekseli ya mbele, na mtengenezaji huutumia urefu huo kuusogeza ulimi mbele kabisa, hivyo umbali kati ya ulimi na ekseli ya nyuma unakuwa mkubwa na mkia unapoteleza pembe inayotokea ni ndogo. Ford ya 1932 haina kitu mbele ya ekseli. Grili imesimama juu yake na baada ya hapo ni hewa tupu. Ulimi umelazimika kukaa nyuma kidogo ya mstari wa magurudumu ya mbele ili usionekane ukichungulia nje. Umbali huo ukipungua, kila mtelezo wa mkia unakuwa na pembe kubwa zaidi, na ulimi hufika haraka kwenye kiwango ambacho hauwezi tena kujigeuza, kisha kigari huchomoka.

Tabia ya pili ni kubinuka. Magurudumu ya mbele ni membamba na yako karibukaribu, yale ya nyuma ni makubwa na yameinua ekseli juu, na bodi ya rezini ni nzito kuliko ya plastiki ya kiwandani, tena uzito wake uko juu. Kigari cha namna hiyo kikiingia konani kwa matairi yanayoshika mno, hakitelezi. Kinainua gurudumu la ndani na kulala ubavu. Ndiyo maana sipendekezi kukifunga matairi ya silikoni, ambayo watu wengi huyakimbilia kwa sababu hushika vizuri kwenye plastiki safi. Kwa kigari hiki mshiko ukizidi ni hasara. Mpira kilichokuja nao, ukishasagwa, unateleza polepole na kwa namna inayotabirika, na mkono unapata nafasi ya kuachia kidogo na kubana tena kabla mambo hayajaharibika.

Sumaku nayo inahitaji kuzungumzwa peke yake. Mbele kidogo ya ekseli ya nyuma kuna sumaku ndogo inayovutwa na reli za chuma, na mtengenezaji ameiweka kama kawaida ya vigari vya leo. Kwenye barabara ya Scalextric, ambayo reli zake huvuta sumaku kwa nguvu, kigari kilizunguka kana kwamba kimegundishwa, kikanyooka katika kila kona, na kilipochomoka kilichomoka ghafla bila onyo lolote. Kwenye barabara ya Carrera, chapa nyingine ya mchezo huu, ambayo reli zake ni za chuma kisichoshika kutu na huvutwa kwa udhaifu zaidi, mambo yalikuwa afadhali, na njia zake zilizoachana zaidi ziliusaidia mkia upite bila kumgusa jirani. Lakini ladha halisi ilikuja nilipoitoa sumaku kabisa na kushusha umeme. Barabara ya kawaida ya Carrera isiyo ya kidijitali hutumia volti 14.8, nyingi mno kwa kigari kisicho na sumaku. Kwa kifaa cha kurekebisha umeme kilichoshushwa hadi volti 11 au 12, hotirodi ilianza kuendeshwa badala ya kurushwa.

Hapo ndipo matairi makubwa yanapojieleza. Gurudumu kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko wa mota, kwa hiyo kigari hakichomoki kwa kasi kubwa kutoka konani kama vile vyenye magurudumu madogo, bali hukusanya mwendo taratibu na kuendelea kuongeza hadi mwisho wa sehemu iliyonyooka, sawasawa na walivyotaka wale vijana wa Muroc. Unalazimika kuachia mapema kuliko unavyodhani, kukiacha kigari kikiingia konani kwa utulivu, na kubana kwa upole mara tu mkia unapoanza kutoka nje. Ukifanya hivyo kwa usahihi, mkia unabaki nje kona nzima, matairi ya mbele yakiwa yameelekea ndani na yale makubwa ya nyuma yakisukuma kwa ubavu, na gari linaonekana kama picha za zamani za hotirodi kwenye udongo. Sijaona kigari kingine cha kipimo hiki kinachoteleza kwa kupendeza namna hii.

Yapo matengenezo mawili zaidi ninayoyapendekeza. Moja ni kubandika kipande cha risasi cha gramu 5 hivi chini ya chasisi, kati ya ulimi na mota, ili kuitia pua uzito na kuushusha uzito wote chini. Ukizidisha, kigari kinakuwa kizito konani na brashi zinalika upesi, kwa hiyo ongeza kidogokidogo ukijaribu kila mara. La pili ni kulegeza skrubu za bodi kwa nusu mzunguko ili bodi iwe na uhuru mdogo wa kucheza juu ya chasisi, jambo linalopunguza kubinuka kwa kiasi kikubwa kuliko mtu anavyotarajia. Wako wanaoikwangua bodi kwa ndani ili iwe nyepesi. Inawezekana, kwa kuwa kuta za rezini ni nene, ila vumbi la rezini ni baya kwa mapafu na kazi hiyo haifai kufanywa bila barakoa na nje ya nyumba.

Udhaifu mkubwa kuliko wote uko kwenye vitu vinavyochomoza. Taa za mbele zimesimama juu ya vijiti vyembamba, kioo cha pembeni kimebandikwa kwa gundi kidogo, na mabomba ya moshi yanapita nje ya bodi, mahali ambapo kigari kinachojibinua huangukia. Taa moja ilikatika mapema. Ingefaa karakana ivitengeneze vijiti hivyo kwa mpira laini unaopinda, au angalau itie taa za akiba ndani ya boksi, kwa sababu mnunuzi wa kigari cha sura nzuri kiasi hiki hatafurahi kukiona kikiwa chongo. Mpaka hapo watakapofanya hivyo, ondoa kioo cha pembeni kabla ya kukimbiza, na weka ukingo wa sponji nje ya kona kali.

Kuhusu bei, ni karibu maradufu ya kigari cha kawaida cha kiwandani, na kwa bodi iliyochongwa kwa uelewa huu naiona ni halali. Msomaji wa Afrika Mashariki anayetaka kuagiza seti nzima ya barabara kutoka Marekani pamoja na kigari aangalie jambo moja kabla ya kulipa: adapta nyingi za seti zinazouzwa huko ni za volti 120, nasi tunatumia 230 hadi 240, na kuichomeka adapta hiyo ukutani kwetu ni kuiunguza papo hapo. Ni nafuu kuagiza seti kutoka Uingereza, ambako umeme na plagi za pini tatu za bapa ni kama za Kenya, Uganda na Tanzania.

Mwisho ni suala la nani ashindane na nani. Ukikiweka kigari hiki dhidi ya vigari vya mbio za kisasa, vyenye bodi pana na ulimi ulio mbele, kitashindwa katika kila mzunguko, na mwenye nacho atashawishika kukirudishia sumaku na kukifunga silikoni, yaani kukiharibu. Kikimbizwe na wenzake: hotirodi mbili au tatu za aina yoyote ya miaka ya 1930, sumaku zikiwa zimetolewa, matairi ya mpira yaliyosagwa, umeme usiozidi volti 12, na barabara yenye angalau sehemu moja ndefu iliyonyooka ambayo matairi makubwa yatapata pa kukimbilia.